Ng'ombe Uliowaita Jukwaani

Hamza mwanangu,

Salamu naziruka. Tumekuwa pamoja jioni hii, umekula vizuri, na umeniiga ninavyotafuta miwani yangu huku nimeivaa, jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa hiyo najua hujambo. Habari za kufua soksi, kutogawa sabuni ovyo na kuamka kwa swala ya alfajiri, mama yako ameshakuambia mpaka umemwomba apumzike. Mimi sina maelekezo. Nina jambo moja, na naliandika kwa sababu nikilisema utaligeuza kichekesho. Ukiona mtu mzima anataka kusema neno zito, unamwiga anavyokohoa kabla ya kulisema, watu wanacheka, na neno linaishia kooni. Barua haikohoi.

Nitakuwa mkali. Ukitaka maneno matamu, shangazi yako amekutumia kwenye simu, yana maua na njiwa wanaopepea.

Nakuandikia kuhusu Lembris. Usiruke mistari. Unadhani unamjua kuliko mimi, maana mlilala chumba kimoja tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne, lakini hujui alivyofika hapa. Siku hiyo ulikuwa madrasa.

Mama yake alikuja kibandani kwangu, hapa hapa Masuguru, akitoka kule kwa wafugaji, ng'ambo ya Misima. Nyuma yake alisimama mtoto mrefu, amekunja mguu mmoja. Alitaka sare. Nikampima mtoto, nikamwambia mama nitaacha pindo refu kwenye suruali, maana watoto wao hurefuka bila kuomba ruhusa. Akauliza kama namjua mtu mwenye nafasi ya kumlaza, kwa sababu shule ni ya kutwa na kwao ni mbali. Nikamwambia, "Wewe Mkwavi, tangu lini mkamwachia Mzigua ndama wenu? Si nitamla na kwato?" Akacheka. Na mimi nikacheka. Jioni ile godoro la Lembris likawa chumbani kwako.

Umekulia katika utani, sina haja ya kukueleza maana yake. Ila kuna kitu sijawahi kukuambia. Wazee wengine husema Wazigua na Wakwavi ni watani kwa sababu ya vita vya zamani, kwamba watu wakishachoka kuuana huanza kutaniana. Wengine husema si kweli, hatujawahi kuwa watani na wale, ni maneno ya vilabuni. Mimi sikumuuliza mtu. Niliamua ni watani kwa kuwa ilinifaa. Nilipenda kuwa na mtani ndani ya nyumba, wa kumrushia neno nikitoka kazini. Na yule mama, nimekuja kuelewa baadaye sana, alicheka siku ile kwa sababu mwanawe alihitaji mahali pa kulala.

Tangu hapo nikawa nikiingia tu uani namwambia, "Mkwavi, nyama imepungua jikoni, hebu panua mdomo tukague." Anatabasamu, anachukua ndoo, anakwenda kuchota maji. Nikamwambia ananuka maziwa yaliyoganda. Anatabasamu. Nilidhani ni mtani mwema. Mtani hujibu, Hamza. Ukimwambia mtani wako kichwa chake ni kibuyu, atakuambia afadhali chake kinatunza maji, chako kimetoboka. Asiyejibu si mtani wako. Ni mtu unayemtukana nyumbani kwako, na hawezi kusema kitu kwa kuwa anakula ugali wako. Nililijua hilo tangu ujana wangu na nikajifanya silijui.

Aliyenifundisha utani ni mjomba wangu Mhina, ndugu wa bibi yako, mtu wa Handeni. Wewe hukumkuta. Alikuwa akiitwa kwenye misiba ya watani wetu hata kabla maiti haijaoshwa. Nakumbuka msiba mmoja, mjane alikuwa hajala wala kusema tangu mumewe afe. Mjomba akaingia uani akitembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, goti moja likigoma, akaanza kumgombeza yule mjane kwa sauti ya marehemu kwamba uji uko wapi, mbona jikoni baridi. Wageni wakaduwaa. Mjane akainua uso, akamtazama, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na kilio kilipoisha akaomba uji wake mwenyewe. Baadaye mjomba akajilaza ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa.

Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikikusimulia, nawe ukicheka. Sehemu ya pili sikukusimulia kwa sababu haina mchezo. Mjomba alipotoka kaburini alishika jembe, akafukia mpaka mwisho wakati wenye nguvu kuliko yeye wamekwenda kukaa kivulini. Akabeba maji. Akasugua masufuria ya msiba, yale makubwa yenye ukoko, na usiku akalala nje penye moshi pamoja na wafiwa. Nilimuuliza kwa nini asiondoke, keshapata kuku wake. Akasema, "Nimemcheka mume wa mtu. Nani atasugua?"

Mimi nilirithi kuchekesha. Kusugua sikukurithi. Watu wa Handeni na Korogwe wamenialika misibani miaka mingi, nami nimeiga vikohozi vya maiti, kuchechemea kwao, walivyonyima watu hela. Nikimaliza nakunywa chai, narudi kwenye cherehani. Wewe nilianza kwenda nawe ukiwa mdogo, na uliponiiga mimi mwenyewe mbele ya shangazi zako nikakupandisha kwenye benchi la kibandani nikawaambia wateja, "Mwoneni huyu." Hivyo ndivyo ulivyofunzwa. Nikikulaumu bila kusema hilo nitakuwa mwongo.

Sasa nikwambie nilivyowaona ninyi wanafunzi, kwa sababu fundi wa sare huwaona kabla ya walimu. Nilipoanza kazi, mzazi alileta mtoto akisema shona pana, imfae mpaka amalize na mdogo wake airithi. Mtoto akizama ndani ya suruali hakuna aliyejali. Halafu ikaja modo. Mkaniletea suruali mpya kabisa mkitaka nizibane mpaka mguu uingie kwa kusukumwa, na mwalimu wa nidhamu akitangaza ukaguzi mnarudi mbio nizifumue. Nilibana na nikafumua, vyote kwa uso mmoja. Zikaja za kushusha kiunoni, kata kei, boksa ipate hewa. Wasichana wakataka sketi iliyokatwa ndefu kwa mwalimu na fupi kwa wengine, nikawashonea na vifungo vya ndani. Mwisho mkaja na kitu kipya, mfuko wa siri chini ya mkanda, wa kuficha simu. Wa kwanza niliushona kwako. Uliuvaa, ukaruka ruka mbele ya kioo, simu haikuonekana, na wiki iliyofuata nusu ya darasa lenu ilikuwa imepanga foleni kibandani.

Usidhani sisi tulikuwa malaika. Tulikuwa na mwenzetu tulimwita Jongoo kwa sababu ya anavyotembea, tukamwita hivyo mpaka akaacha shule, na leo sikumbuki jina lake la kweli. Lakini kengele ya kutoka ilipolia, alikwenda nyumbani na kule hakuna aliyemwita Jongoo. Ninyi mmeondoa kengele. Mnachekana darasani, mnachekana kwenye magrupu, mnamchana mtu akiwa amelala, na asubuhi anaamka anakuta ameshachekwa na watu wa Mombo ambao hawajawahi kumwona.

Ukame ule mkubwa ulipowapiga wafugaji, mlikuwa kidato cha pili. Lembris alikwenda likizo akiwa mvulana mcheshi kwa namna yake ya kimya, akarudi mashavu yameingia. Hatukumuuliza kitu. Nilimwambia, "Mkwavi, mmekula ng'ombe wote mkasahau kunialika?" Akatabasamu, akachukua ndoo.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuita usingizini. Nami nilimsikia, ukuta wetu ni wa tofali moja. Alikuwa akiwaita ng'ombe kwa majina. Narok. Naibor. Keri. Alikuwa akimwambia Keri ainuke. Ng'ombe aliyedhoofu kwa njaa akilala hanyanyuki mwenyewe, watu humwinua, huyu ameshika mkia na yule ameshika pembe, na asiponyanyuka siku hiyo basi. Mama yako alitaka tumwamshe. Nikamwambia amwache, ataacha mwenyewe. Wewe ulikuwa kitanda cha pili. Nilidhani umelala.

Siku ya mahafali yenu nilikuja nimevaa kanzu yangu nzuri. Mahafali yetu sisi yalikuwa soda moja, hotuba ya mgeni rasmi na kwaya. Yenu yalikuwa na zulia jekundu, MC aliyepiga kelele kuliko spika zake, keki yenye picha ya shule, majoho ya kukodi, na wazazi wameshika mataji ya maua ya plastiki wakisukumana kuwavisha watoto. Sikukasirika, nilifurahi, nimependa mambo makubwa tangu utoto. Mama yake Lembris alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa shanga zake zote. Taji la mwanawe alilitengeneza mwenyewe kwa shanga, na alipomvisha, Lembris aliinama kama mtoto mdogo ili amfikie. Niliona. Bado mtihani wa taifa haukuwa umeanza, na walimu walikuwa wakisema waziwazi kwamba yule kijana ndiye atakayeibeba shule.

Kisha MC akasema sasa ni zamu ya komedi, na ukumbi mzima ukaita jina lako.

Ulianza na mwalimu mkuu, vizuri kabisa. Ukaenda kwa mpishi wa shule. Ukaniiga mimi nikipima kiuno cha mama mnene huku nikitazama pembeni kwa adabu, nikacheka. Halafu ukatoa shuka jekundu. Lilikuwa la Lembris mwenyewe, la kitandani kwake. Ukalala juu ya meza, ukajifunika, ukakoroma kidogo, ukaanza kuita. Narok. Naibor. Uliipata sauti yake sawasawa, ile inayokatika katikati. "Keri, inuka. Inuka mama yangu, Keri." Ukashika mkia ambao haupo ukaanza kuvuta ukiwa umelala. Ukumbi ulivunjika mbavu. Simu zilitoka kwenye ile mifuko niliyoishona kwa mkono wangu, zikainuliwa juu zote.

Nami nilicheka. Hilo ndilo ninalotaka ulijue leo, kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine. Wenzako hawakujua ni nini. Mimi nilijua. Majina yale niliyasikia kupitia ukuta, nilijua yametoka wapi na yanamaanisha nini, na nilicheka kuliko wote waliokuwamo. Nilikuwa nimejivunia jinsi ulivyoipata sauti.

Mama yake alicheka pia. Nilimwona, kwa sababu nilikuwa nikiangalia watu wanavyokupokea. Alicheka kwa mkono mdomoni, kwa adabu ya mgeni, mpaka uliposema Keri. Mkono ukabaki mdomoni na macho yakabadilika. Akageuka kumtafuta mwanawe. Lembris alivua joho, akalikunja, akaliweka juu ya kiti vizuri kwa kuwa ni la watu, akamfuata mama yake nje. Ninyi mlikuwa bado mnapiga makofi.

Ulirudi nyumbani shujaa, umebebwa mabegani mpaka kona ya msikiti. Mama yako akauliza Lembris yuko wapi. Ukasema, "Atarudi mama, yule hana makasiriko. Utani tu ule." Nami nikasema, nikivua viatu, "Utani tu ule." Tulisema neno lile lile. Mama yako alitutazama wote wawili, akaenda kukunja lile shuka, na tangu siku hiyo hajacheka kichekesho chako hata kimoja, sijui kama umeona.

Hakurudi. Klipu ilizunguka, watu wakaiongezea muziki. Mtihani ulianza na kiti chake kikabaki kitupu. Mwalimu wenu wa darasa alikuja kibandani amepauka, akaniomba nimfuate kijana kwao. Nikamwambia nitakwenda. Misima si mbali, Hamza. Ningeondoka asubuhi, ningekuwa nimerudi kabla ya magharibi. Lakini ulikuwa msimu wa sare za mahafali za shule nyingine, cherehani haikupoa, na kila jioni nilisema kesho. Mtihani ukaisha. Yeye ndiye aliyekufundisha hesabu, ukiwa umelala chali unakula karanga na yeye akikuchorea kwenye sakafu kwa chaki. Ulipata alama nzuri za hesabu. Ukachaguliwa kidato cha tano, shule nzuri ya milimani, mama yako akapiga kigelegele kimoja tu.

Majina yalipotoka ndipo nilipokwenda, nikiwa na furaha yako moyoni. Nilijiambia nampelekea vitabu na nguo zake alizoacha. Niliteremka Misima, nikachukua bodaboda mpaka njia ilipokwisha, nikatembea. Boma limebaki dogo. Zizi lina mbuzi. Mama yake alinikaribisha, akaniletea kigoda na chai ya maziwa. Lembris alikuwa malishoni na ng'ombe wa watu. Ndiyo kazi yake sasa, kuchunga mifugo ya wengine.

Alipofika alisimama mbele yangu akainamisha kichwa nimguse, kama wanavyofanya kwao. "Shikamoo baba." Bado ananiita baba. Na mimi, mwanangu, nikasema nilichozoea kusema. Nikamwambia, "Marahaba Mkwavi. Mbona umekonda, siku hizi ng'ombe ndio wanakula wewe?"

Hakutabasamu. Alinitazama usoni, kisha akacheka. Alianza kwa kuvuta pumzi puani, sauti ikapanda, akapiga paja lake, akapiga tena, akajifuta jicho kwa kisigino cha mkono. Watoto wa boma wakarudi nyuma. Kilikuwa kicheko changu. Alikuwa amekichukua chote, mpaka ile kwikwi ya mwishoni ambayo hata mimi sikujua kwamba ninayo. Baada ya kuishi nami muda wote ule, hiyo ndiyo mara ya kwanza kunijibu.

Alipomaliza akakaa chini. Akasema, "Nilikuwa nimesimama pale nyuma. Hamza sikumsikia akicheka, Hamza alikuwa anafanya kazi. Nilikisikia kicheko chako, baba. Wengine hawakujua. Wewe ulikuwa unajua."

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Sawa baba," kwa upole ule ule aliokuwa akichukulia ndoo.

Nikamwambia anaweza kujiandikisha mtihani wa kujitegemea mwakani, walimu watamsaidia, chumba chake kipo. Akatikisa kichwa. "Sirudi mahali ambapo watu wanawajua ng'ombe wetu kwa majina. Nikipita wataita Keri."

Ndipo mama yake akasema. Kiswahili chake unakijua, anaokota neno moja moja. "Mimi pia nilicheka. Nilicheka na watu. Nilidhani kijana analewa, anaita ng'ombe za watu. Mimi na huyu tulimwinua Keri kila asubuhi, mimi mkia, yeye pembe, mpaka siku aligoma. Halafu nilikaa kwenye kiti cha mbele nikamcheka." Akakoroga chai yake. "Mtoto wako aje hapa. Afanye tena, hapa chini, bila spika. Nataka nicheke nikiwa najua."

Nikamwuliza itamsaidia nini. Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Huyu anaogopa watu. Akae hapa, amwangalie mwenzake mpaka mwisho. Akiweza, nitamrudisha shule mimi mwenyewe, nitauza mbuzi. Mwenzake akiogopa kuja, basi na huyu ana haki ya kuogopa. Atachunga."

Nilimtazama Lembris. Alikuwa anachora ardhi kwa fimbo, na nadhani zilikuwa hesabu. Akasema bila kuinua uso, "Hatakuja, yeyo. Namjua." Yeyo ni mama kwa lugha yao. Nilitaka kumwambia kwamba hakujui, lakini amelala na wewe chumba kimoja na mimi nimelala ukuta wa pili.

Nilirudi nikanyamaza. Nilikupa muda uulize kwa nini nimerudi na vitabu vyake vile vile, maana alikataa kuvipokea. Hukuuliza. Uliviona juu ya kabati ukavisogeza ili uweke spika yako. Nilikupa muda useme jina lake hata kwa bahati mbaya. Wiki mbili hizi umeaga mtaa mzima, umemwaga machozi kwa ajili ya timu yenu ya mpira, na Lembris hujamtaja. Jana nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba huko milimani utaanza upya na vichekesho vyako, kwa sababu kule hawajaviona, ukawaonyesha ile ya ng'ombe kwa kifupi. Nilikuwa nyuma ya dirisha nikitia uzi kwenye sindano. Nakupenda, Hamza, wewe ndiye mwanangu wa pekee. Na jana nilikuchukia, na sioni aibu kuyaandika yote mawili kwenye karatasi moja.

Huna ubaya ambao sikukupa. Lakini mimi nimezeeka nao na umenikalia vizuri, kama kanzu. Wewe unakwenda kuuvaa mahali ambapo hakuna anayekujua, na ukiuvaa huko miaka miwili hautavulika tena.

Asubuhi ya leo ulipokuwa bado kitandani nilikuambia kupitia mlangoni kwamba tranka lako nalipeleka kwa wakala wa basi ili kesho usihangaike nalo. Ukasema poa. Nilikudanganya. Nilipanda nalo gari la Handeni. Limo bomani kwa akina Lembris, pamoja na sare zako, vyeti vyako na fomu za kujiunga. Nililiweka chini mbele ya yule mama. Akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia ndani kuna shule ya mwanangu. Alilitazama, akaligonga kwa kidole, kisha akakaa juu yake. Amesema atanyanyuka akicheka.

Kwa hiyo kesho hatupandi gari la Mombo kwenda shuleni kwako, tunakwenda bomani. Mama yako anajua. Amelia, na hakunikataza. Utalala chini mbele ya watu wawili, utawaita ng'ombe wale kwa majina yao, na mimi nitakaa pembeni wala sitakusaidia kwa kicheko. Maisha yangu yote nimewachekesha wafiwa, na nimekaa hapa tangu magharibi nikiwaza kitakachomchekesha yule mama. Sikijui. Shule yako inafungua Jumatatu. Akinyanyuka, utawahi. Asiponyanyuka, ile cherehani ya pili iko kibandani, inahitaji mafuta tu.

Baba yako.